Nilitoka Maneno 800 Hadi 3,000 kwa Siku, na Vidole Havikuongeza Spidi

Saa nane usiku, Zimmerman. Jirani wa juu amemaliza kuburuta viti vyake, sijui huwa anapanga nini hizo masaa, na mimi niko kitandani na laptopu imenichoma mapaja. Nimeshinda hapo tangu saa tatu asubuhi. Kazi ya hiyo siku ilikuwa makala matatu, kila moja maneno elfu moja, na mteja alikuwa anayataka kabla jua litoke. Nikacheki kale kahesabu ka chini ya skrini. Maneno 812. Masaa 17, maneno 812.

Kulipokucha kareteka akabisha. Sikufungua. Alijua niko ndani, mimi nilijua anajua, na tukaachana hivo.

Wacha nikupigie hesabu ndio uone hii si stori ya motisha. Wakati huo nilikuwa nalipwa senti 70 kwa kila neno. Maneno 800 ni sh560. Piga kazi siku 26 kwa mwezi, hiyo ni sh14,560. Keja ilikuwa sh7,500. Toa Wi-Fi, toa tokeni za stima, toa maji ya mtungi, toa ile sh2,000 nilikuwa natumia mathee ocha. Hiyo ya mathee sikuwa naigusa hata niwe nimesota aje. Niliacha campo mwaka wa pili ju fees ilikataa kabisa, na kenye kilimtuliza ni kusikia nimepata "kazi ya kompyuta". Kenye kilikuwa kinabaki ni cha chapo madondo mara moja kwa siku. Mteja akichelewesha malipo wiki moja tu, umeisha.

Najua siko peke yangu. Kuna ploti hapa Thika Road, kuanzia Roysambu mpaka Juja, ukipita saa tisa usiku unapata madirisha yamewaka kama ni saa moja jioni, na si ati watu wanaogopa giza. Ni wasee wanachapa. Blogu, maelezo ya viatu, skripti za YouTube, kila kitu. Na wengi wao wanaamini kenye mimi niliamini: ukitaka kuandika mob, kaa kwa kiti mob.

Maze, hiyo ndio ilikuwa inaniua.

Vidole haviko na makosa

Siku moja nikafanya ile testi ya kuchapa iko kwa mtandao. Nikapata maneno 40 kwa dakika. Si spidi ya maana, secretary wa zamani angenicheka. Lakini hebu gawa: maneno 3,000 kwa spidi ya 40 ni dakika 75. Saa moja na robo tu! Kama kuandika ni kuchapa, mimi ningekuwa namaliza kazi ya siku kabla chai ipoe, alafu niende kuchili.

Sasa hayo masaa mengine 15 yalikuwa yanaenda wapi?

Nikachukua daftari, ile ya kawaida ya shule, nikachora mistari minne: nimeanza saa ngapi, nimemaliza saa ngapi, nilikuwa nafanya nini, maneno mangapi. Nikajiambia nitaandika ukweli kwa wiki moja, hata ukweli uwe wa aibu. Jumatano ya hiyo wiki ilitoka hivi. Nimekaa masaa 11. Kuandika kwenyewe, saa moja na dakika 20. Kutafuta vitu Google, masaa matatu. Kufuta na kuandika upya aya ya kwanza, dakika 95, aya moja bana. Simu, masaa mawili na nusu. Na kulikuwa na masaa mawili na dakika 35 hapo katikati ambayo nilipofika kwa ule mstari wa "nilikuwa nafanya nini" nikaandika tu "sijui".

Kama kuna kitu moja utachukua kwa hii makala, chukua hiyo ya daftari. Usiinunulie programu, usitafute app. Kalamu na karatasi. Ju app iko kwa simu, na simu ndio mwizi mwenyewe.

Mama chapo hapiki chapo moja moja

Chini ya ploti yetu kuna mama anauza chapo. Anaanza saa kumi jioni na kufika saa mbili usiku ameuza mpaka zimeisha. Nimekaa kwa benchi yake mara mingi nikingoja, na ni hapo nilielewa shida yangu.

Yeye kwanza anakanda unga wote. Wote. Akimaliza anakata madonge, anayapanga kwa trei, anayafunika. Alafu anasukuma. Moto unawashwa mwisho, na ukishawashwa mkono wake hauachi hiyo kikaango. Hutamwona akichoma chapo moja, anazima jiko, anaosha kikaango, anatembea dukani kununua unga wa chapo ya pili. Akifanya hivo atauza chapo nne kwa siku na watoto walale njaa.

Na hiyo ndio ilikuwa sistimu yangu ya kuandika. Sentensi moja, naisoma, siipendi, naifuta. Nyingine. Hapo nahitaji bei ya kitu, naingia Google, napata bei, naona na habari ya Arsenal, narudi baada ya dakika 20. Nilikuwa wapi? Nasoma kutoka juu. Sipendi aya ya kwanza. Nafuta.

Kuandika ni kazi tatu zimevaa jaketi moja. Kuna kutafuta na kupanga, yaani kujua utasema nini. Kuna kumwaga, yaani kuchapa rasimu. Na kuna kusafisha, yaani kuhariri. Kila moja inataka kichwa tofauti. Ya kwanza inataka mtu mdadisi. Ya pili inataka mtu hana aibu. Ya tatu inataka mtu mkali, kama yule mwalimu wa Kiswahili alikuwa anachora mistari nyekundu mpaka karatasi inatoboka. Ukiita mwalimu mkali akae karibu na wewe wakati unamwaga, hutamwaga kitu. Utakuwa unaogopa.

Si mimi nimetunga hiyo. Mtafiti mmoja anaitwa Sophie Leroy alichapisha utafiti 2009 kuhusu kuhama-hama kazi. Alichopata ni hivi: ukiacha kazi moja kabla hujaimaliza na uruke kwa nyingine, kipande cha akili kinabaki nyuma kwa ile ya kwanza, na hii ya pili unaifanya vibaya. Sasa fikiria mtu anahama mara hamsini kwa saa moja, hapo akili imebaki vipande vipande kwa kila kona.

Kwa hivyo kitu ya kwanza nilibadilisha haikuwa spidi. Nilianza kupanga kwa karatasi kabla nifungue laptopu.

Wacha nikuonyeshe na mfano wa ukweli. Nilipewa kazi: maneno 1,000 kuhusu kununua simu ya mkono wa pili. Zamani ningefungua ukurasa mweupe nikaandika "Katika dunia ya leo ya teknolojia" na nikae nayo mpaka adhuhuri. Safari hii nikaandika kwa daftari: Nani anasoma? Msee ako na ngiri nane, anaenda Luthuli Avenue Jumamosi, na anaogopa kuuziwa simu ya wizi. Anataka kujua nini? Atajuaje kama hii simu ni safi kabla atoe doo. Alafu nikaorodhesha. Moja, bonyeza *#06# utoe namba ya IMEI na uilinganishe na ile ya kwa boksi. Mbili, hakikisha mwenyewe ametoa akaunti yake ya Google ama ya Apple, la sivyo umenunua tofali. Tatu, betri, kamera, spika, tundu la chaji, jaribu zote hapo hapo. Nne, risiti iko na jina la duka na IMEI. Tano, ni wakati gani unafaa kugeuka tu na kwenda nyumbani.

Dakika 15. Ukishafika hapo hesabu inajifanya yenyewe: maneno 100 ya kuingia, pointi tano za maneno 160 kila moja, 100 za kutoka. Hiyo ni 1,000. Sikuwa tena naandika makala ya maneno elfu moja, kitu ya kuogofya. Nilikuwa naandika vipande saba vifupi, na kila kimoja nilikuwa najua kinasema nini.

Hiyo makala nilimaliza rasimu kwa dakika 55. Nikafikiri nimekosea saa.

Msee wa posta na saa yake

Kuna Mwingereza wa zamani anaitwa Anthony Trollope. Kama hujawahi msikia usijali, hata mimi nilimpata nikitafuta kitu ingine. Alikuwa mfanyakazi wa posta, kazi ya kuajiriwa kabisa, na aliandika riwaya 47. Alikuwa anaanza saa kumi na moja na nusu asubuhi. Nusu saa ya kwanza anasoma kenye aliandika jana. Alafu anaweka saa mbele yake kwa meza, na anajidai maneno 250 kila robo saa. Masaa matatu yakiisha, anaamka anaenda kazini.

Kenye kilinibamba zaidi ni hii: alikuwa na mfanyakazi wa nyumbani ambaye alimwongeza pauni tano kwa mwaka, kazi yake ni kumwamsha na kumletea kahawa na asikubali visingizio. Mimi sina pauni tano. Niko na makanga wa matatu ya kwanza anapiga kelele "tao mbao, tao mbao" chini ya dirisha saa kumi na moja, na kusema ukweli anafanya hiyo kazi vizuri sana.

Trollope alikufa 1882, na kitabu cha maisha yake kikatoka mwaka uliofuata na hizo siri zote ndani. Wasomi wengine wakamdharau. Ati msanii wa ukweli haandiki na saa kama fundi wa viatu. Mimi nikisoma hapo nikacheka, ju hao wasomi si wao walikuwa wanadaiwa keja.

Nikajaribu hiyo ya 250 kwa robo saa. Siku ya kwanza nikapata 140. Nilijisikia vibaya, lakini angalia: hata 140 kwa robo saa ni 560 kwa saa moja, na mimi nilikuwa natoa 800 kwa siku nzima. Baada ya wiki tatu hivi nilikuwa kwa 230, mara nyingine 260. Sheria ni moja tu: saa ikishaanza, kile kidole cha kufuta kinakaa kando. Umekosea spelingi, songa. Sentensi imekuja mbaya, andika nyingine mbele yake, usirudi nyuma.

Na ukikosa fakti? Hapa ndio siri yangu tamu. Usiingie Google. Andika ZZZ. "Bei ya hii simu ni ZZZ." "Ilizinduliwa mwaka wa ZZZ." Unasonga. Ukimaliza rasimu unabonyeza Ctrl na F, unaandika zzz, na kila shimo linajitokeza lenyewe, ju hakuna neno la Kiswahili ama la Kizungu la kawaida liko na hizo herufi tatu zimefuatana. (Usingizi wako mwenyewe usiuandike hivo.) Unazijaza zote kwa mpigo mmoja, kama mama anasukuma madonge.

Watu wengine wanatumia dakika 25 badala ya robo saa, alafu dakika tano za kupumzika. Hiyo ilianzishwa na Mwitaliano, Francesco Cirillo, akiwa mwanafunzi miaka ya mwisho ya 80. Alitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, ndio maana inaitwa Pomodoro, ambayo ni nyanya kwa Kiitaliano. Zote zinafanya kazi. Mimi robo saa inanifaa ju nikiambiwa dakika 25 naanza kufikiria chai.

Stima, simu na kuongea peke yako barabarani

Sasa ukweli wa mtaa. Hizi ushauri za majuu zinadhani uko na chumba cha kusomea na mlango unafunga. Wewe uko bedsitter, ukuta ni kama kadibodi, na jirani ameamua leo ni leo na spika yake mpya.

Masaa yangu ni saa kumi na moja asubuhi mpaka saa mbili. Si ati mimi ni mtu wa asubuhi, nilikuwa nalala saa tisa. Ni vile tu ploti yote iko kimya, Wi-Fi haijaanza kugawanywa na watu ishirini, na hakuna mteja anatuma meseji. Wewe labda ni saa sita usiku. Daftari itakuambia, angalia tu ni saa ngapi maneno yanakuwa mob.

Simu naweka kwa sufuria, nafunika, naweka juu ya kabati. Usicheke. Kuiweka kimya haitoshi, mkono unaifuata. Lazima uamke, uburute kiti, ufunue sufuria, na kufika hapo unajiona fala na unarudi.

Stima ikipotea na laptopu ikadedi, kuna vitu mbili bado unaweza fanya: kupanga kwa karatasi, na kuongea. Google waliongeza Kiswahili kwa kuandika kwa sauti tangu 2017, na ile kibodi ya Gboard iko nayo. Unabonya maiki, unaongea, maneno yanaingia. Makosa ni mengi, Sheng haiielewi kabisa, na alama za uandishi utaweka mwenyewe, lakini kama ulikuwa umepanga pointi zako tano unatoka na maneno 600 ukitembea. Tahadhari moja: usifanye hii karibu na daraja la Roysambu giza likiingia ukiwa umeshika simu mbele ya mdomo. Hapo utapoteza rasimu na simu pamoja.

Alafu kuna ile stori ya Ngũgĩ. Kila ukilalamika ati laptopu imezeeka, lazima msee mmoja akukumbushe Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya kwa karatasi ya choo. Ni ukweli. Aliwekwa Kamiti bila kesi kutoka mwisho wa 1977 mpaka Desemba 1978, na huko ndio aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ. Lakini mimi nafikiri wanaotuletea hiyo stori wanashika upande mbaya. Hiyo haikuwa mbinu ya kuongeza kazi. Huyo ni mtu alikuwa amefungiwa na anakataa kunyamaza. Laptopu yako ikiwa mbovu, ni mbovu. Weka kando soo moja moja, utanunua ingine.

Pale nilipoharibu

Nikafika 3,000. Siku ya kwanza kufika nilitoka nje nikanunua mayai mawili na smokie na nikakula nimesimama kama bosi. Kwa senti zile zile 70 hiyo ni sh2,100 kwa siku. Si kila siku kazi ilikuwepo ya kutosha, lakini kareteka alianza kunisalimia kwa jina.

Alafu tamaa. Kama 3,000 ni masaa manne, si 6,000 ni masaa manane? Nikachukua wateja wawili zaidi. Kitu ya kwanza kukatwa ilikuwa nini? Kusafisha. Nilikuwa najaza ZZZ na chochote kilichotokea juu kabisa, bila kucheki ni ya mwaka gani.

Kulikuwa na makala moja ya huduma, zile za "utahitaji nini, uende wapi, siku gani". Niliijaza haraka, nikatuma, nikalipwa. Baada ya wiki mbili mhariri akanitumia meseji ya msomaji. Ni mama alikuwa amesoma makala yangu, akaomba ruhusa kazini, akapanda gari sh400 kwenda na sh400 kurudi, akafika hiyo ofisi, akaambiwa huduma ilihamishwa zamani. Hakutukana. Aliuliza tu kama mwenye aliandika alikuwa ameenda huko.

Sikuwa nimeenda. Sikuwa hata nimepiga simu. Niliomba namba yake kupitia mhariri, nikamtumia ile sh800. Akajibu asante, akaongeza kwamba ile siku walimkata kwa mshahara pia.

Maneno 1,000 kwa dakika 40, na kuna mtu alilipia siku nzima. Nilirudisha wateja wawili wiki hiyo hiyo na nikarudi 3,000. Sai kwa kila saa moja ya kumwaga naweka nusu saa ya kusafisha, na kila namba, kila tarehe, kila jina la ofisi naliangalia mahali ambapo limetoka, si mahali limenakiliwa. Na sisafishi siku hiyo hiyo kama naweza. Naacha ilale. Asubuhi unaisoma kama imeandikwa na adui yako, na makosa yanakurukia.

Pia usijilinganishe na kila mtu. Stephen King ameandika kwamba lengo lake lilikuwa maneno 2,000 kwa siku, na anaambia wanaoanza wajaribu 1,000. Huyo ni mtu ameuza vitabu dunia nzima. Maneno ya riwaya na maneno ya "njia za kuosha raba nyeupe" si kilo moja. Ukiwa unaandika kitu ya moyo wako, 500 nzuri ni siku kubwa. Mimi stori zangu mwenyewe, zile za Jumapili, sizihesabu hata.

Na kabla uulize: ndio, nimejaribu zile mashine. ChatGPT ilitoka Novemba 2022, na kazi za bei ya chini zilianza kupungua kwa akaunti za watu wengi ninaowajua, na za kwangu pia. Ukiitumia kumwaga, unamwaga mob, hiyo ni kweli. Lakini inatunga vitu na uso mkavu, jina, tarehe, kila kitu, kwa hivyo ile kazi ya kusafisha inakuwa mara tatu. Wateja waliobaki na mimi wananilipa zaidi ya senti 70 sai, na sababu si spidi. Mmoja aliniambia ni ju makala yangu ya Luthuli inaonekana imeandikwa na mtu amewahi kuuziwa simu mbaya. Nimewahi. Mara mbili.

Kitu ya mwisho ni mwili. Kitanda si meza. Nilifanya mwaka mzima nimekunja shingo, na kufika Agosti mkono wa kulia ulikuwa unakufa ganzi nikishika kikombe. Nikanunua meza ya mbao ya mkono wa pili na nikaweka laptopu juu ya katoni ya unga ndio skrini iwe usawa wa macho. Jumapili siandiki za wateja, hata wakilia. Daftari ilinionyesha kitu ya ajabu hapo: wiki za siku sita zilikuwa zinatoa maneno mengi kuliko wiki za siku saba.

Hii makala yenyewe, kama unataka kujua: dakika 25 za kupanga kwa karatasi, masaa mawili na dakika 40 za kumwaga, na saa moja na nusu za kusafisha leo asubuhi. Ilikuwa na ZZZ tisa. Moja ilikuwa mwaka wa kufa wa Trollope, nilikuwa nimeuotea na nikakosea kwa miaka kumi.

Sai ni saa kumi. Mama chapo amewasha jiko.